Kumi Zilizozidi Kwenye Kipimo cha Kibenga

Vijana wangu, mmeniomba kurasa chache za kitabu chenu cha ziwa, na mimi si mtu wa kuombwa mara mbili. Mmesema niandike juu ya kazi yangu, kwa ajili ya wanafunzi wa Bujumbura, wa Uvira na wa Kigoma. Mmechagua vizuri. Mngeweza kumwomba injinia, lakini injinia angewapa michoro tu, na mchoro haujawahi kumzuia mwizi mlangoni.

Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi, nikaona inatosha. Shule nayo iliona inatosha. Baada ya hapo nimechomelea vyuma zaidi ya miaka thelathini, kwenye ateliye yangu pale Buyenzi, hapa Bujumbura, ambayo ilianza ikiwa na mashine moja ya kuazima na kipande cha turubai. Leo piteni Kibenga, barabara yoyote ya kushuka ziwani, mhesabu mageti. Lile lenye jua, langu. Lile lenye simba wawili, langu. Lile lililopinda si langu, msiniulize la nani, mwenyewe bado yuko hai. Hata nyumba ninayolala nimejenga Kibenga hapo hapo, upande wa juu, kwa mikono hii.

Niliacha kazi kwa sababu ya macho. Daktari aliniambia, "Papa, uchague. Moto ao macho." Nikachagua macho, maana bila macho ningeyaonaje mageti yangu?

Basi sikilizeni. Nitawaambia mambo kadhaa ya ufundi, kisha nitawaambia lile ambalo nyinyi wengine mnalijua nusu. Nusu nyingine ninayo mimi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa Uvira, Fundi Kasongo, mrefu, mkimya, mwenye kofia moja tu maisha yake yote. Hakuwa na maneno. Ukikosea alikuwa anakohoa. Kikohozi kifupi, kosa dogo. Kikohozi kirefu, kata yote uanze upya. Geti langu la kwanza nilitengenezea duka la Bwana Nasoro, mfanyabiashara wa ukoo wa Waomani, aliyekuwa akiuza misumari, rangi na mabati karibu na soko. Nilipima mlango wake kwa makini, upana wote, mpaka milimita ya mwisho. Nikatengeneza geti upana ule ule. Nikalipaka rangi ya kijani. Tukalibeba watu wanne, nikatangulia mbele kama bwana harusi.

Halikuingia. Tulisukuma, tukapiga nyundo, likakwama katikati kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto. Bwana Nasoro alitoka, akalitazama, akasema kwa upole ule wa watu wa duka, "Masha'Allah, geti zuri. Sasa mimi nitapita dirishani?"

Kasongo alikohoa mpaka nikafikiri ni pumu. Halafu akasema maneno ambayo kwake yalikuwa hotuba: "Ulipima tundu. Haukupima pumzi."

Tangu siku ile, kila upande wa geti naacha upana wa kidole. Chuma kinavimba na jua, ukuta unashuka na mvua, bawaba zinachoka. Kitu kisicho na pumzi hakifunguki. Andikeni hilo.

La pili. Usichomelee upande mmoja moja kwa moja kama mtu anayeshona kanzu. Chuma kinajikunja kuufuata moto. Kwanza shikiza pembe nne kwa nukta ndogo ndogo, halafu pima kutoka pembe hii mpaka pembe ile ya kukingamana, kisha pima zile nyingine mbili. Vipimo vikiwa sawa, geti limenyooka. Visipokuwa sawa, piga kwa nyundo kabla hujaendelea, maana baadaye nyundo haitasaidia, utatumia msumeno na machozi. Na ukimaliza gonga yale maganda meusi yadondoke. Fundi asiyegonga maganda anaficha kitu.

Zamani tulikata kwa msumeno wa mkono, bomba moja nusu saa, mkono unawaka. Siku hizi kuna mashine ya kukata, dakika moja tu, lakini umeme ukienda mnakaa wote mnatazamana kama wageni msibani. Na mteja wa siku hizi haji na vipimo. Anakuja na foni. "Fundi, nataka kama hili." Unatazama, ni geti la ikulu ya huko ng'ambo. Unamwuliza, "Nyumba yako ina vyumba vingapi?" "Viwili." Basi unamtengenezea, na vyumba vyake viwili vinalindwa kama hazina.

Sasa nije kwenye habari ya ziwa.

Macho yalikuwa tayari yameniachisha kazi, na ateliye nilikuwa nimemwachia binti yangu Shakila, anayechomelea kuliko wanaume wengi, na kichwa kigumu kakirithi kwangu. Mwalimu mmoja wa shule ya hapa alinitafuta. Alikuja na msichana wa miaka kumi na saba, mwembamba, daftari amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Jina lake Nadine. Wakanieleza kwamba wanafunzi wa nchi tatu wamekubaliana kupima maji ya Tanganyika pamoja. Kila Jumamosi, saa ile ile, kila kikundi kinasoma kipimo chake na kutuma namba kwenye foni. Wiki ya kwanza walivurugana, maana saa tatu yetu na ya Uvira ni saa nne ya Kigoma, na watu wa Kigoma walikuwa wameshapima na kunywa chai wakati sisi bado tunatafuta viatu. Wakasawazisha. Mwisho wa mwaka wangetoa kitabu, na kila kikundi kingepeleka mtu mmoja Kigoma kuonyesha namba zao mbele ya shule zote. Kwa Bujumbura angeenda Nadine. Alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wowote.

"Uvira wanapima na nini?" nikauliza.

"Bomba ya plastiki, Papa Shakila."

"Na Kigoma?"

"Ubao."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Ubao! Huo ni wa kuanikia ndagala, wale wanaoita dagaa. Mutoto, mi nitakupa chuma. Kipimo cha Bujumbura kitabaki hapo hata mimi nikifa."

Sikutaka malipo. Nilikuta ateliye vipande viwili vya bomba la mraba vilivyobaki kwenye geti moja, kila kimoja mita moja na kidogo. Nikavisafisha, nikaviunganisha kwa chomeleo safi, nikakwangua, nikapaka rangi nyeupe. Kisha nikachora mistari myeusi, kila sentimita mstari, kila kumi namba nyekundu. Mahali pa kiungo sikuandika mia, maana mgongo wa chomeleo ulikuwa umepita pale pale. Kazi yote siku mbili, kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Shakila alinipita akaniambia, "Papa, si umestaafu?" Nikamwambia, "Simba akistaafu anabaki simba."

Tukakifunga Kibenga kwenye nguzo ya nyumba moja iliyoachwa. Maji yalipopanda miaka ile mnayoijua, wenyewe walihama. Geti bado liko pale, nusu ndani ya ziwa. Ni langu. Samaki wanaingia bila kubisha hodi.

Nilijipiga picha na kipimo, nikaituma kwenye kikundi chenu. Espoir wa Uvira, yule mwenye maneno mengi, akajibu: "Papa, hii ni kipimo ao ni mnara?" Nikamjibu kwa sauti: "Ni wivu tu, mwanangu. Funga bomba yako vizuri, kiboko asiichukue kama mrija wa soda."

Miezi ikapita vizuri. Kila Jumamosi Nadine alitoka kwao Gasenyi, kule mwisho wa mji kaskazini, akavuka mji mzima mpaka Kibenga. Essence, yaani petroli, ikikosekana hakuna basi, naye anatembea. Akifika ananisalimia, anashuka majini, anasoma, anaandika, anatuma. Sabini na moja. Sabini na sita. Themanini na nne. Mvua ilikuwa inanyesha na ziwa lilikuwa linapanda polepole, na kwenye foni namba za nchi tatu zilipanda pamoja kama watoto wanaoshikana mikono.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Wiki iliyotangulia Nadine alikuwa ametuma tisini na nane. Jumamosi hiyo akatuma mia na kumi na mbili.

Uvira walikuwa wamepanda sentimita nne. Kigoma nne. Sisi kumi na nne.

Sasa, kutoka Kibenga asubuhi kukiwa safi unaiona milima ya Uvira ng'ambo. Ni ziwa moja. Haiwezekani maji yapande kwetu kumi na nne na kwa jirani nne, labda kama kuna mtu ameyainamisha kama beseni. Espoir aliandika hivyo hivyo. Wakaanza kuulizana. Mwanzoni kwa utani, halafu si kwa utani. Mmoja akasema: Gasenyi ni mbali. Mwingine akasema: wiki hiyo Bujumbura hakukuwa na essence. Wa tatu akamalizia lile ambalo wote walikuwa wanalifikiri: labda hakwenda. Labda alikaa nyumbani akatunga.

Nadine alikuja kwangu siku iliyofuata. Hakukaa. Alisimama mlangoni.

"Papa Shakila, banasema natunga."

"Na we unatunga?"

"Apana! Nilifika. Nilisoma mara mbili." Akanionyesha daftari. "Mi nauliza tu. Kipimo... iko sawa?"

Vijana, hapa ndipo ninapowaandikia kwa mkono mzito. Mtu mwenye akili angesema, twende tukaangalie. Mimi nilisimama kama geti la Bwana Nasoro, sina pumzi. Nikamwambia, "Mutoto wa jana unaniuliza kazi yangu? Mageti yote haya, hakuna aliyewahi kunirudishia hata moja." Ilikuwa uongo. Lile la kijani lilirudi.

Akasema, "Samahani, Papa," akaondoka.

Na sikuishia hapo. Nilichukua foni, nikatuma sauti kwenye kikundi, mkaisikia wote. Nilisema: "Mimi fundi nasema, kipimo hakina kosa. Chuma hakisemi uongo. Kama kuna kosa, tafuteni kwa anayesoma."

Nilijisikia vizuri kama dakika kumi.

Neno langu ndilo lililomhukumu. Kabla ya hapo walikuwa wanaulizana, baada ya hapo waliamua. Namba za Bujumbura tangu siku ile zisingeingia kitabuni. Shule itafute msomaji mwingine. Safari ya Kigoma aende mwingine, na jina la Nadine liondolewe kwenye orodha. Wakampa mpaka Jumamosi ya tatu, aseme mwenyewe kwamba alitunga, yaishe kwa heshima. Mwalimu alimtetea, lakini mwalimu naye hakuwa na cha kuonyesha. Namba zilikuwa zinasema walivyosema wao.

Hakukiri. Aliandika kwenye kikundi mstari mmoja tu: "Nitaendelea kusoma." Akaendelea kutuma, na hakuna aliyemjibu hata kwa kidole gumba.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sikutoka. Mke wangu alirudi kutoka kununua samaki, akaweka kapu chini, akafuta uso na kitenge.

"Nimemuona yule mutoto wako wa ziwa," akasema.

"Si mtoto wangu."

"Iko mu maji mpaka hapa." Akaonyesha kiunoni. "Wavuvi banamuita, toka, kiboko iko karibu. Anasema, nitoke wapi, saa tatu bado." Alianza kupara samaki. "Mi sijasoma, Papa Shakila. Lakini mwongo anakaa nyumbani mahali pakavu. Mwongo gani analowana hivyo?"

Samaki wale sikuwala.

Kesho yake, Jumapili, watu wakiwa kanisani na mvua ikiwa imekatika, nilishuka mwenyewe. Nilibeba mita yangu ya kuvuta. Nilibeba pia kopo la rangi nyeupe, kopo dogo jeusi, jekundu, na brashi. Nilijiambia rangi ni ya kung'arisha kidogo. Moyo una namna yake ya kubeba vifaa kabla ya kukuambia ni vya nini.

Nikavua viatu, nikaingia majini, nikapapasa kiungo chini ya maji, nikaweka mita juu yake, nikapima mpaka kwenye namba nyekundu ya kwanza iliyo juu yake. Sentimita kumi. Juu ya mia ukiongeza kumi ni mia na kumi, hata aliyeishia mwaka wa nne anajua. Namba iliyoandikwa pale, kwa mkono wangu, kwa miwani miwili, ilikuwa 120.

Nilipima tena. Nikapima ya juu yake. Zote juu ya kiungo zimezidi kumi.

Ngoja niwaeleze kosa lenyewe, maana ni la mafundi tu, mtu wa ofisini hawezi kulikosea. Mita ya kuvuta ina kidomo mbele. Kidomo kikianguka mara mia kinalegea, kinacheza, kinakuibia milimita mbili, tatu. Kwa hiyo fundi mzoefu hapimi kuanzia mwanzo. Anaweka alama ya kumi pale anapoanzia, ambako mita ni nzima, halafu mwishoni anatoa kumi. Hivyo ndivyo Kasongo alivyonifundisha, na hivyo ndivyo tunavyofanya sote mpaka kesho. Ni njia safi kabisa, ila ina shimo moja: siku ukisahau kutoa. Bomba la chini nilikumbuka. Bomba la juu, nadhani ndipo Shakila aliponipita na mimi nikamjibu habari za simba, nikashika ishirini ya kwenye mita nikaiandika mia na ishirini.

Maji yalipokuwa chini ya kiungo, Nadine alihesabu kutoka tisini kwenda juu, na kila kitu kilikuwa kweli. Siku yalipopita kiungo, akahesabu kutoka 120 kurudi chini, kama ambavyo mtu yeyote angehesabu. Alisoma alichoandikiwa. Ziwa lilipanda nne. Kumi nyingine nilipandisha mimi.

Sasa niko pale, maji kiunoni, rangi mkononi, hakuna mtu. Dakika ishirini tu. Nafuta 120 naandika 110, nafuta 130 naandika 120, napanda hivyo mpaka juu, nakamua suruali, narudi nyumbani. Nani angejua? Hata nilifungua kopo. Brashi niliichovya.

Lakini mkono ukiwa hewani nikahesabu Jumamosi inayokuja. Nadine angeshuka, angesoma kwa uaminifu, na namba ingeanguka kumi ghafla, wakati Uvira na Kigoma zinapanda. Wangesema: mnaona? Ameogopa, amerudisha. Ningekuwa nimemfanya mwongo mara mbili, safari hii kwa kujua. Na chuma changu kingebaki kinang'aa.

Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi, ikaelea juu ya maji. Nikafunga kopo.

Jumamosi ile ya tatu nilikuwa kwenye nguzo kabla yake. Alinikuta, akanisalimia kama unavyomsalimia mtu uliyekosana naye lakini ni mkubwa wako. Akasoma. Akaandika. Nikamwambia, "Piga simu ile ya picha. Wote. Nataka kusema."

"Papa, si lazima mutukane tena..."

"Piga, mwanangu."

Mkatokea kwenye kioo, vichwa vidogo vidogo kama mbegu za boga. Espoir alikuwa anatafuna kitu. Zuhura wa Kigoma, yule mtulivu mwenye hijabu na kalamu sikioni, akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nisikilizeni kabla mtandao haujakatika, maana nikianza upya sijui kama nitaweza." Nikaelekeza foni kwenye kipimo, nikaweka mita pale pale mbele yenu, kiungo kikionekana chini kidogo ya uso wa maji. "Hapa ni mia. Hapa imeandikwa mia na ishirini. Hesabuni mistari."

Mkahesabu. Nilisikia midomo. Espoir aliacha kutafuna.

"Kumi," akasema. "Papa... iko kumi tu."

"Iko kumi. Nadine amesoma sawa tangu siku ya kwanza. Aliyeandika vibaya ni mimi."

Ziwa likapiga nguzo. Halafu Espoir, na sikumlaumu, akasema, "Lakini Papa, ulisema kwa sauti yako. Ulisema tutafute kwa anayesoma."

"Nilisema."

"Ulisema chuma haisemi uongo."

"Chuma hakikusema kitu, mwanangu. Ni mimi niliyesema."

Zuhura alikuwa ameshashusha kalamu kutoka sikioni. Tulimsikia akinong'ona hesabu. "Mia na kumi na mbili toa kumi, mia na mbili. Kutoka tisini na nane, nne." Akageuza ukurasa. "Wiki ya pili, tatu. Sisi tatu. Uvira tatu." Akainua macho. "Nadine, zimekaa. Zote zimekaa."

Nadine alikuwa amesimama nyuma yangu, daftari kifuani. Espoir akamwita, "Nadine, dada, pardon. Kweli, tusamehe."

Mlidhani atalia, au atacheka? Alisema, "Muliniita mwongo majuma mbili, Espoir. Pardon yako nitaipokea nikifika Kigoma. Sasa andika namba ya leo." Na akampa namba. Nikafurahi kuliko siku nilipouza geti la simba.

Nikasema basi, leo leo narekebisha rangi, kesho kipimo kitakuwa kipya. Zuhura akapiga kelele mpaka foni ikakwaruza: "Usiguse, baba! Ukikibadilisha katikati, namba za nyuma na za mbele hazitaongea lugha moja. Kiache kilivyo mpaka mwisho. Tutaandika kitabuni kwamba juu ya kiungo kimezidi kumi."

"Na sababu?" akauliza Espoir. "Tuandike sababu gani?"

Nadine akanitazama. Angeweza kusema kosa la rangi, kosa la kiwanda, na ningemshukuru. Aliniachia mwenyewe.

"Andikeni kosa la fundi," nikasema. "Na jina langu muweke."

Ndiyo maana kipimo kile bado kiko Kibenga na kosa lake, mchana kweupe, mbele ya wateja wangu wote. Nadine ameshakwenda Kigoma na kurudi. Alisimama mbele ya shule zote akaeleza habari ya kumi hizo bila kunipamba wala kunidhalilisha, na aliniletea mfuko wa dagaa waliokaushwa kwenye ubao. Ubao ule, nasikia, haujakosea hata sentimita moja. Watu wa Kigoma, nawapa heshima yenu, na naomba msilirudie tena jambo hilo.

Siku hizi Jumamosi nashuka naye. Macho yangu hayasomi mistari, kwa hiyo kazi yangu ni kutazama viboko na kumshikia viatu. Wapo wanaopita kutembea, wenye nyumba za huko, wengine mageti yao nimeyatengeneza mimi. Wanasimama kuona. Nadine anainama, anasoma kwa sauti:

"Mia na kumi na tisa."

Naye hupumua kidogo hapo, kwa heshima, ili asiliseme yeye kosa langu mbele za watu. Basi nasema mimi, kwa sauti ya ateliye, ile iliyokuwa inashinda mashine:

"Toa kumi."